Wafanyakazi Kumi na Mmoja

12 Aprili

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na sikio la kulia halijazidi kukusumbua. Mimi sijambo. Kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha, nakula vizuri, nalala vizuri, na chumba changu kimepata pazia jipya, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Ofisini wananicheka. Wanasema binti wa fundi simu anabandika stempu kama mtu wa zama za babu yake. Sijawaeleza kwamba nikikupigia unajibu "eeh, eeh, sawa mama" hata nikikuuliza umekula nini. Miaka thelathini ya kubana mkono wa simu sikioni ukisikiliza nyaya za watu wengine, leo binti yako mwenyewe humsikii. Basi acha wacheke.

Nina habari. Nimehamishwa kitengo. Sasa nipo kitengo cha takwimu za habari na mawasiliano. Kila robo mwaka tunatuma fomu kwa kampuni za simu na kompyuta, kubwa kwa ndogo, tukiuliza mambo mawili makuu: mmeuza kiasi gani, na mna wafanyakazi wangapi. Tukishajumlisha tunaandika ripoti, na wakubwa, vyuo na wafanyabiashara wanaisoma wajue upepo unavuma kuelekea wapi.

Jumanne nikafungua bahasha moja kati ya nyingi, nikaona saba iliyokatwa mstari kiunoni. Nikajua kabla sijasoma jina la kampuni. Baba, fomu yako imeangukia meza yangu! Kanuni inasema afisa asishike fomu ya ndugu yake, nilipaswa kuisogeza meza ya jirani. Sikuisogeza. Nilitaka tu kuona mwandiko wako mara nne kwa mwaka bila kungoja barua. Usimwambie mtu.

Penye idadi ya wafanyakazi umeandika 11. Nikawahesabu kwa vidole: wewe, Mzee Koleo, Bibi Mapokezi, Mnara, Pacha wawili wasiofanana, Dereva, Ulimi wa mauzo, dada wa stoo, yule msichana mwanagenzi, na Mlinzi. Wametimia. Na nikuambie kitu cha kukufurahisha: kila kampuni ndogo inayopata fomu inasimama badala ya arobaini, yenyewe na nyingine ambazo hatukuzifikia. Kwa hiyo wafanyakazi wako kumi na mmoja, kwenye ripoti yetu, ni watu mia nne na arobaini. Umekuwa tajiri wa watu na hujui.

Wasalimie wote, mmoja mmoja.

Mwanao akupendaye


3 Mei

Binti yangu,

Marahaba mama, marahaba sana. Mimi mzima. Sikio ni lile lile, limestaafu kabla yangu. Nimefurahi kusikia kikohozi kimekwisha, ila usiache kuvaa sweta asubuhi, najua unavyojifanya jasiri.

Barua yako ilinikuta karakanani nikaisoma mara tatu. Kumbe siku hizi anayenikagua ni mtoto niliyekuwa namfuta kamasi! Ulikuwa ukiketi juu ya boksi la vipande vya waya ukihesabu jozi kwa sauti, nyeupe na buluu, nyeupe na chungwa, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta nazivuta. Ulikosea mara moja tu, ukalia kutwa nzima. Sishangai wamekupa kazi ya kuhesabu.

Wote wamepokea salamu. Bibi Mapokezi anauliza utaolewa lini. Nimemwambia fomu zenu hazina swali hilo.

Kazi ipo, ingawa si kama zamani. Benki ya pale kona imeamua kila karani atumie simu ya mkononi. Wametuita tuzing'oe simu zote za mezani, sitini na mbili. Tulizifunga wenyewe, tukazing'oa wenyewe. Mnara alikuwa juu ya ngazi anachomoa nyaya darini, akaniuliza, "Fundi, hizi tulizibana kwa misumari mingapi vile?" Nikamwambia achomoe tu. Malipo ya kung'oa nimeyaandika kwenye fomu kama mauzo. Sijui kama ni sahihi kuyaita hivyo, wewe ndiye mtaalamu.

Nimefurahi kwamba ni wewe unayesoma. Nitajitahidi mwandiko uwe mzuri.

Baba yako


22 Julai

Kwa Baba,

Shikamoo. Hujambo? Sikio je? Mimi mzima, isipokuwa macho yanawasha kwa kukodolea kompyuta. Sweta navaa.

Fomu ya pili imefika. Saba zako zimenyooka kama ulivyoahidi. Ila Baba, mauzo yameshuka zaidi ya nusu, na wafanyakazi ni wale wale kumi na mmoja. Kompyuta ikaweka alama nyekundu. Ikiona mauzo yanashuka namna hiyo na watu hawapungui, inadhani mtu amekosea kujaza. Utaratibu ni kumpigia simu mwenye kampuni athibitishe. Nikacheka peke yangu. Nikupigie ili unijibu "eeh, eeh"?

Nikaandika pembeni: "Mmiliki amethibitisha." Alama nyekundu ikaondoka. Mkuu wa kitengo hakuuliza. Nakujua, Baba. Wengine wangeshawapa watu barua za kuwaaga, wewe utakula mkate mkavu lakini hutamfukuza mtu. Ndivyo nilivyomwambia mwenzangu wa meza ya jirani, bila kutaja fomu, nikavimba kichwa.

Ila kweli, unawalipaje? Nauliza kama mwanao, si kama ofisi.

Nina siku tano za likizo mwezi ujao. Nataka nije nikae karakanani, nimsikie Ulimi akimdanganya mteja kwamba simu ya mezani inarudi. Niambie tarehe gani inakufaa.

Mwanao


19 Agosti

Mama,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu kwako wewe na hayo macho. Osha kwa maji ya baridi kila asubuhi, usinunue dawa za mitaani.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Kuhusu kuja, mwezi huu usije. Napaka rangi karakana nzima, harufu yake itakuua na hicho kifua chako. Ngoja ikauke, nitakuambia.

Kuhusu swali lako, wapo. Kazi zinakuja na kuondoka. Asubuhi nafungua, nafagia, nachemsha chai mwenyewe siku hizi, nimegundua walikuwa wanatia majani mengi mno. Nikimaliza nakaa mbele ya swichibodi ile kubwa ya kuunganishia simu za hoteli, unaikumbuka, ile tuliyoileta kwa matengenezo na wenyewe wakaisusa. Naipangusa. Wiki iliyopita nimeunganisha upande mmoja ukawaka taa zote thelathini na mbili, nikaziacha ziwake mpaka saa sita mchana. Hakuna aliyepiga, sikutegemea apige, lakini zilipendeza.

Mzee Koleo anakusalimu. Jirani yetu mshonaji naye anakusalimu. Binti yake amemaliza shule, anatafuta cha kusomea. Nimemwambia wewe umesoma ukafika ofisi ya maana, akafurahi.

Usifanye kazi mpaka ukasahau kula.

Baba yako


30 Oktoba

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na rangi imekauka. Mimi mzima wa mwili.

Ripoti ya nusu mwaka ilitoka mwezi uliopita. Nimekuwekea nakala ya ukurasa wangu ndani ya bahasha hii. Sentensi niliyoipigia mstari niliiandika mimi: "Mauzo ya huduma za simu za maofisini yanaendelea kushuka, lakini ajira katika ufungaji na matengenezo imebaki imara." Mkuu wa kitengo aliisoma kwa sauti kikaoni. Gazeti moja likaichukua. Nilitembea siku nzima kama mtu aliyevishwa taji.

Sasa nikuambie kilichoniondolea raha. Jana imefika fomu yako ya tatu. Mauzo ni kama hakuna. Umeandika kazi mbili tu kwa miezi mitatu, zote za kung'oa. Na pale chini: 11. Baba, hiyo kumi na moja umeikandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Nikatoa barua yako ya Agosti nikaisoma tena. Unachemsha chai mwenyewe. Bibi Mapokezi ameacha lini kuchemsha chai? Na umesema "walikuwa wanatia majani mengi". Walikuwa?

Kompyuta imeweka alama nyekundu, na safari hii sijaandika kitu pembeni. Fomu ipo kwenye droo yangu. Nina mpaka mwisho wa Novemba.

Baba, wako wangapi?

Mwanao


25 Novemba

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa kifupi kwa sababu sijapata jibu. Nilimpigia mshonaji nikamwomba akupe simu, akasema umetoka. Akaniuliza kama ni mimi niliyeandika habari ile ya gazetini, nikasema ndiyo, akanishukuru sana. Sikuelewa ananishukuru kwa nini.

Kama umeugua niambie. Kama umekasirika niambie pia. Kunyamaza tu ndiko nisikokuweza.

Mwanao


14 Desemba

Binti yangu mpendwa,

Salamu. Siumwi. Hata hilo nimeona haya kuliandika, kwa sababu ningekuwa mgonjwa ningekuwa na cha kujitetea.

Kwanza nikueleze kwa nini jirani alikushukuru. Wiki mbili zilizopita binti yake aliingia hapa karakanani na mkoba mpya. Akaufungua mezani. Mlikuwa na koleo mpya, bisibisi nne na kipima waya, vyote vinanukia duka. Akasema, "Mzee, nimeshajiandikisha chuo cha ufundi. Ufungaji wa simu za maofisini. Nimekuja kuomba nafasi ya mazoezi kwako mapema kabla wengine hawajaniwahi." Nikamuuliza nani kamshauri. Akatoa kipande cha gazeti. Darasa hilo lilikuwa lifungwe mwaka huu, mama. Chuo kimesoma kwamba ajira imebaki imara, kikaliacha liendelee, na la pili limefunguliwa. Yeye alikuwa achague kati ya hilo na umeme wa jua. Mama yake ameuza mashine ya pili ya kushonea kulipa ada.

Alisimama pale akaangalia meza tupu, akaniuliza, "Mafundi wako wote wameenda kazini?" Nikasema ndiyo. Hata kwake nikasema ndiyo.

Basi kaa chini nikujibu.

Mwezi wa nne tulikuwa kumi na mmoja kweli. Hiyo fomu ya kwanza haina uongo, ingawa wawili nilikuwa nimeshawaambia mwisho wao ni Juni. Kisha ukaniandikia kwamba wewe ndiye msomaji. Ilipokuja ya pili nilikaa nayo asubuhi nzima. Nilitaka kuandika sita. Nikakuona mezani kwako, unafungua bahasha, unahesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Nikasema robo ijayo mambo yakitengemaa watarudi, na sita nitakuwa sijaiandika kokote. Nikaandika kumi na moja. Kwa mtu mwingine ningeandika kweli. Nilikudanganya kwa sababu ni wewe.

Ulitaka kuwajua mmoja mmoja. Pacha waliondoka wa kwanza, Juni. Mmoja anauza makava ya simu kituo cha mabasi. Mwenzake alihama, na niliposikia mara ya mwisho walikuwa hawasemeshani, jambo ambalo sikulitegemea hata ningeota. Dereva anaendesha gari la mtu mwingine, na gari letu halipo tena, usiniulize. Dada wa stoo aliondoka mwenyewe kabla sijamwambia, akaniachia funguo ndani ya bahasha na orodha ya kila kitu kilichobaki, mpaka misumari. Mlinzi anasimama duka la pili kutoka hapa. Tunasalimiana kila siku na kila siku ananiita bosi, na hilo linaniuma kuliko angenitukana.

Hao ndio watano wa kwanza. Mnara anafunga dari za nyumba, urefu wake umemsaidia. Ulimi anauza matangi ya maji. Alikuja akataka kuniuzia moja, na nusura nilinunue! Msichana mwanagenzi anasajili laini za simu chini ya mwavuli mbele ya soko, amevaa fulana ya kampuni kubwa. Huyo labda yumo kwenye fomu ya mtu mwingine, umtafute. Bibi Mapokezi alikaa mpaka Septemba, ingawa tangu Agosti alikuwa akija siku chache tu. Alikuja wiki nzima ya mwisho akiwa na kitambaa chake cha kufumia, anakaa mbele ya simu isiyolia. Ijumaa akaniambia, "Fundi, mimi nalipwa kwa kuangalia ukuta. Niache niende kwa wajukuu." Nikamwacha.

Mzee Koleo sijui nikuandikieje. Nilimwambia Agosti kwamba sina cha kumlipa. Akasema sawa. Kesho yake asubuhi akaja, akafuta meza, akakaa, saa sita akaondoka. Amekuja kila siku tangu hapo. Je, huyo anahesabiwa?

Nimekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mama, na wewe ukayapaka kwa watu. Umeniambia kila mmoja ni arobaini. Nimezidisha. Mwezi wa tisa tulikuwa wawili nikaandika kumi na mmoja. Tisa mara arobaini. Nimewaweka duniani watu mia tatu na sitini wasiokuwepo, na mtoto wa jirani anakwenda kufanya kazi nao.

Fanya unalopaswa kufanya. Usinifikirie.

Baba yako


9 Januari

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Nimekasirika. Nianze na hilo ili lisinikabe. Barua yako niliisoma chooni ofisini, mahali pekee penye mlango wa kufunga, na nilikasirika hata nikashindwa kulia. Hasira kwako, halafu kwangu. Wewe uliandika namba. Mimi niliandika "Mmiliki amethibitisha" bila kumuuliza mmiliki. Na kabla ya yote niliishika fomu nisiyopaswa kuishika, kwa kupenda mwandiko wa baba yangu. Ingekwenda meza ya jirani, ungeandika sita, na sita ingesomwa na mtu asiyekujua, asiyejali, na ukweli ungepita salama.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo na fomu zote tatu, ya mwisho nikiwa nimeikalia drooni hata muda ukapita. Aliniuliza swali moja tu: "Ulijua lini?" Nikamwambia nilianza kuhisi Oktoba. Akahesabu miezi kwa macho. Ripoti itatolewa tena na masahihisho, nusu ukurasa. Chuo kimeandikiwa. Kama watalifunga darasa au la, hilo si letu.

Mimi sijafukuzwa. Nimepewa barua ya onyo na kuhamishiwa chumba cha kumbukumbu, ghorofa ya chini kabisa. Sihesabu tena chochote. Napokea makaratasi yaliyokwisha kazi, napiga mhuri, naweka kwenye maboksi. Dirisha lipo, linaangalia magurudumu ya magari. Mwenzangu humo ni mama mtu mzima ambaye amenipa kigoda cha miguu na hajaniuliza kitu, Mungu ambariki.

Utaletewa fomu mpya uzijaze upya zote. Hazitafika kwangu. Atazisoma mtu usiyemjua, na sitauliza umeandika nini. Mzee Koleo hahesabiwi. Mfanyakazi ni anayelipwa. Nimesoma maelezo yale mara mbili nikitafuta mlango wa kumwingiza, sikuupata. Wewe unahesabiwa, maadamu unafanya kazi.

Mwambie jirani kweli, Baba. Mwambie wewe. Mimi nikimwandikia itaonekana umemtuma mwingine.

Mwanao


16 Februari

Mama,

Salamu. Afya ni nzuri.

Nimezijaza. Kumi na moja, sita, mbili, na ya mwisho moja. Afisa mwenyewe alikuja nazo, kijana mpole, akakaa kwenye kiti cha Bibi Mapokezi akanisubiri. Nilipoandika moja alisema, "Ahsante, mzee," kama ambavyo angesema kwa namba yoyote. Ulisema kweli. Haikuuma.

Jirani nimemwambia. Nilivuka asubuhi kabla hajaanza kushona, nikasimama mlangoni, nikamwambia kwamba binti yake alisoma uongo wangu gazetini. Hakupiga kelele. Alisema, "Fundi, wewe ndiye uliyenishikia mtoto huyu siku babake anazikwa." Kisha akakanyaga mashine yake, ile moja iliyobaki, nikaelewa niondoke. Tangu siku hiyo hanisalimii. Binti yake anaendelea na darasa kwa sababu ada hairudishwi. Nilimwambia aje nimfundishe nijuacho bure. Hajaja, na simlaumu.

Lakini lililonikaa kooni ni wewe. Nililala njaa ili ufike ofisi ile ukae juu, kwenye mwanga, uhesabu. Nami nimekushusha ghorofa ya chini kwa kalamu yangu mwenyewe. Unga wako nimeumwaga mimi. Nikishika karatasi kukuandikia, mkono unaona haya. Nikikaa kimya, usidhani vingine.

Baba


4 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mimi mzima. Nimeshazoea chumba chetu, nimeleta ua kwenye kopo na limekubali kuota hata kwa mwanga wa magurudumu.

Hasira imekwisha. Niliitafuta juzi nikaikosa. Niandikie hata mstari mmoja, hata kuniambia nivae sweta.

Mwanao


2 Mei

Baba,

Shikamoo. U mzima? Barua ya Aprili sijui kama ilifika. Natuma hii.

Navaa sweta.

Mwanao


8 Juni

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi mzima, namshukuru Mungu, na leo nina ya kusema.

Sikupata jibu lako la Aprili wala la Mei. Ila jana liliteremshwa boksi kutoka juu. Kampuni inapofunga milango, fomu yake ya mwisho inasomwa huko juu, inaingizwa kwenye hesabu, kisha inashushwa kwetu kuhifadhiwa. Hiyo ndiyo kazi yetu, Baba, sisi ni watunzaji wa zilizofungwa. Nikalifungua boksi, nikaanza kupiga mhuri moja baada ya nyingine. Ya tisa au ya kumi nikaona saba iliyokatwa kiunoni, penye namba ya mtaa.

Safari hii sikuishika kwa wizi. Imekuja yenyewe, kwa njia yake, na nilikuwa na haki ya kuisoma.

Mauzo hakuna. Wafanyakazi, sifuri. Sifuri yako ni ya mviringo kabisa, haikukandamizwa. Na pale chini penye kisanduku cha maelezo, mistari minne wanayoiacha watu wote wazi, wewe umeijaza mpaka pembeni. Nainakili hapa ili ujue imefika:

"Salamu nyingi kwako afisa. Natumaini u mzima wa afya. Mimi pia mzima isipokuwa sikio. Sikujui na hunijui, na safari hii ndivyo inavyotakiwa. Wafanyakazi ni sifuri, nimehesabu mara mbili. Yupo mzee anayekuja asubuhi kufuta meza, nimeambiwa haingii. Zamani niliandika uongo kwenye fomu zenu. Kosa ni langu, si la binti yangu. Ukikutana naye kwenye ngazi msalimie. Mwambie barua zake zote mbili ninazo. Nilishindwa kumjibu kwa aibu tu. Nafasi imekwisha."

Na penye sahihi umeandika "Baba yako", ukaikata, ukaandika "Mmiliki".

Mama wa chumba chetu aliniona nimekaa na mhuri mkononi sijapiga. Akaja akasoma juu ya bega langu, polepole, mpaka mwisho. Akasema, "Piga tu mwanangu. Mhuri ni wa kampuni, si wa mtu." Nikapiga. IMEFUNGWA, tarehe, sahihi yangu. Nimeiweka kwenye boksi lake, rafu ya pili, karibu na dirisha. Ni fomu yako ya kwanza niliyoishughulikia kama inavyotakiwa.

Sasa nisikilize kwa sikio la kushoto. Nimeomba likizo zile siku tano, nimepewa. Nitakaa na wewe na Mzee Koleo, tutafuta meza pamoja, tutaiwasha swichibodi ya hoteli. Kwa jirani nitavuka mwenyewe, kwa sehemu yangu ya kosa, asiponijibu nitarudi.

Nakuja Jumamosi. Usiniambie unapaka rangi.

Mwanao